KUCHAGUA MASOMO YA MTIHANI, NA LILE LINALOSOMWA NJE YA SHULE

Maneno yaliyosomwa na Kamati Ndogo ya Elimu mbele ya wakazi na wageni, siku ya kumbukumbu ya wakimbizi, tarehe 20 Juni 2025



Sisi wa Kamati Ndogo ya Elimu tumepewa dakika 20, na mpiga ngoma ametuonya kwamba zikipita ataanza kupiga hata kama bado tunasema. Kwa hiyo hatutasoma taarifa ya mwaka mzima, ya madawati yaliyovunjika na vyoo vilivyojengwa. Hiyo mtaikuta imebandikwa ukutani penye ofisi yetu. Leo tunataka kusema juu ya jambo moja ambalo limetuletea wazazi ofisini wakilia, na pengine sisi wenyewe tukalia nao. Nalo ni masomo ambayo mtoto anayachagua akiingia kidato cha 3, ile darasa wanayoiita hapa Uganda S3, pamoja na lile somo ambalo shule haina mwalimu wake, mtoto akaamua kulisomea nje.

Tuanzie mbali kidogo, maana wazee wanapenda kujua mto umetoka wapi.

Wengi wetu hapa tulisoma Kongo. Kule kwetu kuchagua kulikuwa mara moja tu. Ulichagua tawi: la ualimu, la biashara, la ufundi, la Kilatini na falsafa, la kemia na biolojia. Ukiisha kuingia katika tawi, tawi ndilo lilikuchagulia masomo, wewe ulibaki kubeba daftari. Mwisho wa yote ulikuwa Mtihani wa Taifa, na 50 kwa mia ndiyo iliyokuwa mlango. Baba alichagua, au prefe alichagua, na mtoto alifuata. Ndiyo sababu mzazi wa kwetu akiitwa shuleni hapa na kuulizwa mtoto wake atachukua masomo gani, hujibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ninyi ndio mnajua." Halafu anarudi nyumbani akidhani jambo limekwisha.

Halikwisha. Uganda ina utaratibu wake, na utaratibu huo wenyewe umebadilika mbele ya macho yetu. Mitaala mipya ya sekondari ya chini ilianza mwaka 2020, mwaka uleule ambao shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya Korona. Watoto walikaa nyumbani, wengine karibu miaka 2, hadi shule zote zilipofunguliwa Januari 2022. Kundi lile lililoanza S1 mwaka 2020 ndilo la kwanza kufanya mtihani wa UCE wa namna mpya, mwezi wa Oktoba na Novemba 2024. Watoto wetu wengi wamo katika kundi hilo. Walikuwa wa kwanza kupita daraja, na wa kwanza hukanyaga mbao zilizolegea.

Utaratibu wenyewe ni huu, na tunaomba wazazi mtusikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo tulipopotea. Katika S1 na S2 mtoto anasoma masomo 12, na 11 kati yake ni ya lazima, Kiswahili kikiwamo. Akifika S3 mzigo unapunguzwa. Ya lazima yanabaki 7: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia, na Historia pamoja na elimu ya siasa. Juu ya hayo 7 mtoto anaongeza 1 au 2 ya kuchagua, yawe 8 au 9. Hawezi kwenda chini ya 8 wala kuvuka 9. Katika yale ya kuchagua ndimo mnamokuta Kiswahili, Kifaransa, Kilimo, elimu ya dini, Ujasiriamali, Sanaa, kompyuta na mengine. Maana yake, Kiswahili kilichokuwa cha lazima miaka 2 ya kwanza kinageuka kuwa cha hiari. Asiyekiomba hakipati.

Mtu atasema, basi ni somo moja au mawili tu, kelele za nini? Ndugu, yale 7 hakuna anayeyachagua. Mtoto wa waziri na mtoto wa mkimbizi wanayabeba sawasawa. Lile la 8 na la 9 ndilo peke yake ambalo mtoto anaweza kusema, hili ni langu, hili linafuata mahali nilipotoka au mahali ninapokwenda. Tena linamfuata mbele. Akifika kidato cha 5 atachukua masomo makuu 3 tu, na shule nyingi hazikubali mtu kuanza kule juu somo ambalo hakulifanyia mtihani huku chini.

Sasa tuwaambie jinsi watoto wetu walivyochagua mwishoni mwa mwaka 2022. Mmoja alichukua kompyuta kwa sababu neno lenyewe lilikuwa tamu, na wakati ule umeme wa jua wa shule ulitosha taa za ofisi tu. Mwingine alikataa Kilimo, akasema kwamba jembe analiona kila siku nyumbani, hana haja ya kuliona tena darasani. Huyu tulimcheka, lakini alipata alama nzuri katika alichokichagua, kwa hiyo tulimcheka bure. Mabinti wawili walichagua somo moja kwa sababu walikuwa wanaketi dawati moja. Na kijana mmoja alichukua 9, akaitwa shujaa mtaani, kisha Fizikia na Hisabati zikamwangusha kwa sababu jioni zake zote zilikwenda katika yale mawili ya ziada. Hatusemi 9 ni vibaya. Tunasema 8 yaliyosomwa yanapita 9 yaliyoandikishwa.

Lakini kosa kubwa lilikuwa letu, na tunalisema mbele ya wageni.

Katika mkutano wa wazazi wa mwaka 2022 sisi Kamati tulisimama tukawaambia watu: chagueni Kiswahili. Tulisema ni lugha ya mama zetu, ni alama za bure, mtoto hana haja hata ya kufungua kitabu. Tulikuwa na sababu nzuri za kukipenda Kiswahili. Katiba ya Uganda tangu mabadiliko ya mwaka 2005 inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kianze kutumika hivyo na kufundishwa zaidi shuleni. Mwaka huohuo Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha yake ya kazi. Basi tulijiona kama watu waliokalia dhahabu bila kujua. Mama mmoja aliyeuliza swali la busara, kwamba mwalimu wa kukifundisha S3 ni nani, tulimjibu kwa mzaha: "Mama, mwalimu si wewe?" Watu wakacheka. Tulipaswa kumjibu.

Kumbe shule ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Kiswahili, na vipindi vyake vyote viliishia S1 na S2, kule ambako somo ni la lazima. Kwa S3 hapakuwa na mtu. Watoto walikuwa wamekwisha kuandika Kiswahili kwenye karatasi zao. Mkuu wa shule, na tunamshukuru kwa subira yake, alituita akatuambia mambo mawili tu ya kuchagua: ama watoto wahamishiwe somo jingine, ama sisi tutafute mtu wa kuwafundisha nje ya saa za shule, lakini mtu huyo afanye kazi chini ya yule mwalimu wa shule, mazoezi yapite mikononi mwake, na alama ziingie katika vitabu vya shule. Tulichagua la pili. Ndiyo mwanzo wa lile darasa la Jumamosi ambalo ninyi mnalijua kwa jina la "darasa la mwembe," ingawa mwembe wenyewe ulianguka kwa upepo na sasa wanasoma katika jengo la kanisa.

Tulimpata mzee mmoja aliyewahi kuishi ukimbizini Kigoma, Tanzania, akafundisha kule miaka mingi. Na msichana mmoja wa hapa Bunyoro, mwenyeji, aliyekuwa akisubiri kwenda chuo cha ualimu, akajitolea kumsaidia. Jumamosi ya kwanza mzee aliwapa insha fupi: Eleza siku yako ya kwanza shuleni. Watoto walicheka, wakaandika haraka, wakarudisha karatasi kabla ya wakati.

Mzee alikaa na zile karatasi juma zima. Alipozirudisha hazikuwa na nafasi ya kuandika tena, kalamu nyekundu imejaa. Mtoto ameandika: "Batoto bale banaenda ku masomo." Nani hapa hakuelewa? Sote tumeelewa. Ndivyo tunavyosema Uvira, Bukavu, Goma. Lakini kwa mtihani ni watoto wale wanaenda shuleni, tena masomo si shule, masomo ni yale yanayofundishwa ndani ya shule. Mwingine ameandika "kitabu yangu," na mtihani unataka kitabu changu. Mwingine "bintu mingi," na mtihani unataka vitu vingi. Mwingine ameandika "mama iko mugonjwa," na mzee ameandika kando yake: mama ni mgonjwa, naye si kitu, ni mtu.

Kilichowachoma zaidi watoto ni kwamba katika lile darasa walikuwamo vijana 3 wenyeji, Wanyoro na Wakiga, ambao nyumbani hawasemi Kiswahili hata neno. Walikuwa wamekijua kwa kitabu tu tangu S1. Hao ndio walioongoza. Mtoto wetu mmoja alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba Kiswahili si lugha yao tena, wamenyang'anywa na Wanyoro. Mama alikuja ofisini amekasirika, akitaka tumweleze. Alisema: "Mimi nimezaliwa ndani ya lugha hii. Mtoto wangu anaisema tangu tumboni. Leo mnasema haijui?"

Swali lile lilitusumbua, na bado tunaona lilikuwa na haki. Hatutaki mtoto yeyote atoke katika darasa letu akidharau Kiswahili cha bibi yake. Kiswahili cha Kivu kimebeba watu kuvuka ziwa na milima, ndicho kilichotuunganisha humu makazini, Wabembe na Wafulero, Wahema na Wahutu, na hata Mnyarwanda na Mrundi walio majirani zetu. Mzee aliwaeleza watoto kwa mfano wa nguo. Alisema, kuna nguo ya shamba na kuna sare ya shule, na anayekwenda shamba na sare ni mjinga sawa na anayekwenda shule na nguo ya shamba. Mfano huo haukumridhisha yule mama. Alisema nguo ya shamba ndiyo inayolisha. Lakini mtoto alirudi darasani Jumamosi iliyofuata, na mama ndiye aliyemleta.

Tangu pale mzee alibadilisha namna ya kufundisha. Hakuanza tena na ngeli za kukariri kama wimbo. Alianza na maneno ya watoto wenyewe. Kila Jumamosi walileta sentensi 10 walizozisikia kisimani, sokoni au kwenye foleni ya chakula, wakaziandika kama zilivyosemwa, na upande wa pili wa karatasi wakaziandika kama mtihani unavyotaka. Baada ya miezi michache mtoto alikuwa anajua lugha mbili, na anajua mpaka kati yake uko wapi. Pia waliandika barua, walifupisha habari walizozisikia redioni, walisoma kwa sauti. Vitabu vilikuwa vichache, kitabu kimoja kwa watoto 4 au 5, kwa hiyo mmoja alisoma na wengine wakanakili. Hilo la kunakili, ambalo lilitokana na umaskini, ndilo lililowanyoosha mwandiko na tahajia. Hata hivyo, ndugu wa mashirika, msilichukue hilo kuwa sababu ya kutotuletea vitabu.

Matokeo yalipotoka mwezi wa Februari 2025, hakuna mwanafunzi wa darasa la mwembe aliyeanguka Kiswahili. Wengine walipata C, wengine B. Alama sasa ni herufi, A hadi E, hazijumlishwi tena kuwa daraja la kwanza au la pili kama zamani. Wazazi wengine bado wanatuuliza mtoto amepata daraja gani. Daraja halipo, tazameni herufi ya kila somo.

Sasa tunafika mahali pagumu.

Katika mwaka uleule wa 2023 kulikuwa na binti mmoja, hatutamtaja, ambaye baba yake alitaka asome Kifaransa. Sababu yake haikuwa mbaya. Alisema, siku moja tutarudi, na mtoto asiyejua Kifaransa Kongo atakuwa mgeni katika ofisi zote. Shule haikufundisha Kifaransa. Lakini hapa makazini tunao waliokuwa walimu na maprefe kwetu, na mmoja wao alimchukua binti huyu akamfundisha kila jioni, miaka 2, bila kulipwa zaidi ya maharage na wakati mwingine sabuni. Binti alijifunza kweli. Alipokuwa S4 aliweza kuandika barua ya Kifaransa ambayo wengi wetu tuliokisoma tangu utoto tusingeweza kuiandika.

Mtihani hakuufanya.

Hakuufanya kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza mapema. Katika mitaala hii mipya alama ya mwisho inatoka mahali pawili: 20 kwa mia ni kazi ambazo mwanafunzi anazifanya shuleni, na shule ndiyo inayozipeleka kwa Baraza la Mitihani, UNEB, 80 kwa mia ni mtihani wenyewe. Mwalimu wa jioni, hata awe profesa, hana mlango wa kuipelekea UNEB alama. Shule haikuwa na kumbukumbu yoyote ya binti huyu katika Kifaransa, na jina lake lilikuwa limeandikishwa kwa somo jingine la kuchagua. Baba alikwenda kuuliza katika shule moja ya mbali iliyokuwa na mwalimu wa Kifaransa, akaambiwa kwamba muda umepita. Alirudi akaketi kwenye kibaraza chetu hadi jioni, hakusema neno. Binti alikuwa amesimama nje.

Sisi tulijua anasoma. Tulimsifu hadharani, tulimtaja kama mfano katika kikao. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: je, shule inajua? Kwa hiyo kosa hilo si la baba, wala la yule prefe mzee, wala la shule. Binti sasa anatafsiri kwa wagonjwa kwenye kituo cha afya siku za kliniki, Kifaransa chake kinatumika, wauguzi wanampenda. Hilo ni jambo jema. Lakini karatasi inayosema kwamba anakijua hana, na mkimbizi anajua karatasi ni nini.

Ndiyo maana tumeleta jambo hili mbele yenu leo, siku ambayo kawaida tunaimba tu.

Kwa wazazi tunasema hivi. Kabla mtoto hajaanza kusomea somo nje, nenda naye kwa mkuu wa shule. Usimtume mtoto peke yake, nenda mwenyewe, hata kama Kiingereza hukijui. Mmoja wetu atakusindikiza. Uliza kama shule inakubali kumwandikisha kwa somo hilo. Uliza ni mwalimu gani wa shule atakayetazama mazoezi na kuandika alama. Kama jibu ni hapana, bado mtoto anaweza kusoma kwa faida ya akili na ya kesho, hakuna elimu inayooza, lakini ajue tangu siku ya kwanza kwamba ni elimu bila cheti. Asiambiwe mwaka wa pili.

Tena tazameni majina. Jina litakaloandikwa shuleni lifanane na lile la cheti cha msingi, herufi kwa herufi. Tunao watoto ambao kwenye karatasi ya chakula wana jina moja, kwenye cheti cha msingi jingine, na shuleni la tatu, kwa sababu kila karani aliandika alivyosikia. Uandikishaji wa mtihani hufanyika miezi mingi kabla ya Oktoba. Ukingoja hadi juma la mtihani, umengoja sana.

Kuhusu mabinti, tuseme waziwazi. Darasa la Jumamosi lilianza na wasichana na wavulana karibu sawa, na kufika S4 wasichana walikuwa wamebaki wachache. Hawakushindwa somo. Jumamosi ni siku ya kufua, ya kuchota maji, ya kwenda kusaga. Mwaka 2023 chakula kilipopunguzwa, kazi za vibarua zikaongezeka, na aliyetolewa darasani kwanza alikuwa binti. Tulijaribu kuhamisha saa, kutoka asubuhi hadi saa 9 mchana, wakarudi baadhi yao. Baba, ukiona ndoo haina maji Jumamosi saa 9, kaka yake naye ana mikono.

Kwa ninyi wanafunzi, neno fupi. Msichague somo kwa ajili ya rafiki wala kwa ajili ya jina lake. Na msichague kwa kudhani ni rahisi, kama sisi wazee wenu tulivyodhani. Chukua mtihani wa miaka iliyopita, ukae chini, ujaribu kuujibu bila kusaidiwa. Hiyo karatasi itakuambia kweli kuliko mtu yeyote. Anayetaka kuongeza somo la 9 atuletee kwanza alama zake za Hisabati.

Kwa ndugu zetu wa mashirika na kwa ofisi ya Mkuu wa Makazi, tunaomba mambo machache, nayo hayana gharama kubwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 imetupa haki nyingi ambazo ndugu zetu waliokimbilia nchi nyingine hawana, na mpango wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji uliozinduliwa mwaka 2018 unataka watoto wetu na wa wenyeji wasome pamoja. Tunashukuru, na hatusemi kwa mdomo tu, vijana 3 wenyeji wa darasa letu ni ushahidi. Lakini walimu wetu waliosomea Kongo wanabaki kubeba matofali kwa sababu vyeti vyao viko kwa Kifaransa na havijalinganishwa na vya hapa. Tusaidieni katika gharama za kutafsiri na kulinganisha vyeti hivyo, ili yule prefe aweze kuingia shuleni kwa mlango wa mbele, afundishe Kifaransa mchana, na alama zake zihesabiwe. Pili, vitabu vya Kiswahili vya S3 na S4. Tatu, taa moja ya jua kwa darasa la jioni. Ile tuliyokuwa nayo imechoka, inawaka dakika 40 inalala.

Mtu mmoja wa shirika alituuliza mwezi uliopita, kwa nini tunahangaika na Kiswahili na Kifaransa wakati nchi hii inaendeshwa kwa Kiingereza. Lilikuwa swali la haki na hatukukasirika. Kiingereza kimo katika yale 7, hakuna anayekikimbia, na ndicho kinachofundishia mengine yote. Lakini sisi hatujui kesho tutakuwa wapi. Wengine watarudi Kivu au Ituri. Wengine watabaki hapa wazeeke hapa. Wengine wanasubiri safari ya mbali ambayo pengine haitakuja. Mtoto mmoja hawezi kusomeshwa kwa ajili ya njia zote 3, masomo hayatoshi na usiku hautoshi. Kwa hiyo nyumba moja itachagua Kifaransa, nyingine Kiswahili, nyingine Kilimo, na kila moja itakuwa inakisia. Sisi tunaomba tu kwamba anayekisia awe amepewa habari zote.

Tumebakiwa na dakika chache, tunamwona mpiga ngoma ameshika vijiti.

Darasa la mwembe linaandikisha wa S3 Jumamosi hii saa 9 mchana katika jengo la kanisa, na Jumatano saa 10 kwenye ofisi ya Kamati kwa wale wasioweza kuja Jumamosi. Mtoto aje na mzazi au mlezi, alete cheti chake cha msingi na ripoti ya mwisho ya S2. Asiye na ripoti aje hivyohivyo, tutakwenda naye shuleni kuiomba. Kwa Kifaransa, mkuu wa shule amekubali kukutana na wazazi tarehe 4 Julai, na yule baba wa binti tuliyemtaja ameomba yeye ndiye azungumze kwanza.